Baiskeli Imepungua Mwili

3 Februari

Mke wangu,

Miezi mitatu bila barua ni mingi, na najua umenuna. Nuna tu, una haki. Kazi ilikuwa nyingi, halafu ikawa nyingi zaidi. Mimi nipo, napumua, nalala kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane. Kitanda cha chini yangu analala Spana, mchomeleaji, ambaye anakoroma kama mashine ya kuchanganyia zege. Akizidi namtupia soksi.

Mwandiko huu usiushangae. Naandikia kitandani, ubao uko magotini, kalamu ni ya kuazima. Na mtu aliyeishia darasa la sita usimtegemee maajabu.

Hapa kiwandani bado tunafyatua yale matofali ya kutandika barabarani. Ila mimi wamenitoa kwenye mashine. Sasa namwagilia maji matofali mabichi na kufagia uwanja. Wanasema ni umri. Miaka arobaini na mitatu ndiyo umri? Haya.

Mkataba unaisha mwisho wa Agosti. Msimamizi ameshauliza nani atasaini miaka miwili mingine. Nimemwambia bado nafikiri. Usinipigie kelele, nimesema nafikiri tu.

Baiskeli yangu haijambo? Niliiunga kwa miaka minne, kipande kwa kipande, hadi ikawa na gia ishirini na moja, na siku ya kuondoka nilikuachia neno moja kituoni: panda upendavyo, ila gia usiziguse. Ile ya kulia bado ni ngumu kubonyeza kwa kidole gumba? Nauliza tu.

Na kilima chetu bado kipo? Ule mchezo wetu wa kupanda kwa zamu kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, na anayetia mguu chini anafua nguo za wiki nzima, nimewasimulia wenzangu humu chumbani. Spana anasema inaelekea wewe ndiye uliyekuwa unashinda. Nimemwambia ndiyo, lakini mimi nilikuwa nabeba mizigo.

Mumeo,
Fundi


19 Februari

Mume wangu,

Barua yako ilikuja katika mfuko wa Jumanne. Niliipanga mwenyewe, nikaigonga muhuri mwenyewe, nikaipandisha kilimani mwenyewe. Nilipofika mlangoni nikajipigia hodi, nikajiitikia karibu. Ndiyo raha ya mke wa mtu wa mbali kuwa tarishi.

Nimenuna siku mbili, ya tatu nikachoka. Lakini la mwandiko sikuachii. Mimi kila asubuhi napitisha mikononi bahasha mia na zaidi. Najua nani kwenye hiki kilima anaandika akiwa na hasira na nani anaandika akiwa na njaa. Herufi zako zilikuwa zimesimama wima kama spoki. Hizi zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nani anakuandikia? Kama ni mwanamke, mwambie ana mwandiko mbaya. Kama ni wewe, shuka kitandani utafute meza.

Na usije ukanitumia habari kwa simu ya kaka yangu. Unamjua. Tangu azaliwe hajawahi kukaa na siri hadi jioni, hatukumwita Redio bure. Huku juu mtandao haufiki, na kule njia panda ukipokea simu watu kumi wanatega sikio. Barua ni ya mimi na wewe.

Mvua zimeanza mapema. Tope la njia ya zahanati linashika kama deni la mganga. Juzi nimevuka kijito na mfuko wa barua kichwani na baiskeli begani. Mlinzi wa zahanati akaniuliza, "Sasa nani amempanda mwenzake?"

Baiskeli haijambo. Imepungua mwili kidogo, kama mwenye nyumba. Nimegundua kwamba baiskeli, kama mtu, haihitaji mambo mengi ili iishi vizuri. Basi, tusiongee sana habari za baiskeli.

Tuongee hili: unarudi au hurudi? Umeandika "nafikiri" mara mbili katika barua ya ukurasa mmoja. Siku ya kunichumbia hukufikiri hata mara moja.

Mkeo,
Tarishi


11 Machi

Mke wangu,

Hakuna mwanamke. Chumba hiki kina harufu ambayo mwanamke angekimbia na viatu mkononi. Ni mimi mwenyewe ninayeandika. Meza nimeitafuta, ina miguu mitatu.

Leo nina hadithi ya kukupa. Huyu Spana ujanani alikuwa fundi baiskeli kama mimi. Jana tulikuwa tunaosha vyombo, yaani yeye anaosha mimi napanguza, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua katika miaka yangu yote ya ufundi. Nakupa kama nilivyopewa.

Anasema hizi baiskeli za mlimani, zenye tairi nene, hazikuzaliwa na gia nyingi. Miaka ya sabini, huko mbali kwa watu, vijana waliokota baiskeli kuukuu, nzito kama majiko ya chuma, za gia moja tu, zile za kusimama kwa kurudisha pedeli nyuma. Wakazisukuma hadi juu ya mlima, wakazishusha kama mawe. Breki yenyewe imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa hiyo wakibana sana grisi inaungua. Wanafika chini, gurudumu linafuka moshi kama chungu kilichosahauliwa, wanalifungua, wanapaka grisi nyingine, halafu wanasukuma tena kwenda juu. Siku nzima. Nikamuuliza, "Walikuwa wanalipwa?" Akasema, "Hata senti."

Baadaye wakachoka kusukuma, ndipo wakatia gia. Zikaongezeka, na zikaongezeka, mpaka tukafika kwenye ishirini na moja zangu. Halafu, sikiliza, wakatokea wengine wakasema hapana. Gia zinajaa tope, zinapinda, zinalia, zinataka kubembelezwa. Wakazitoa zote wakabaki na moja. Kwa hiari yao! Watu wenye uwezo wa kununua gia thelathini. Spana anasema ukiwauliza kwa nini, wanacheka tu kama watu waliotoroka shule.

Nilipokuwa kijana ningewaita wendawazimu. Sasa naona wana akili. Hebu fikiri: baiskeli ambayo mkono wa kulia hauna kazi yoyote. Hakuna cha kubonyeza. Breki unaiweka mguuni. Ni safi sana.

Kama mtu angekuambia uzitoe gia zote za baiskeli yangu kabla sijarudi, ungeonaje? Nauliza tu. Fundi wa njia panda anaweza.

Mumeo,
Fundi


2 Aprili

Mume wangu mpenzi,

Redio amekuambia.

Usinikatalie. Nilipofika kwenye "uzitoe gia zote" nilikaa chini palepale kwenye ngazi ya posta, na mfuko begani. Nikasema, mume wangu ana huruma, amejua, na badala ya kunigombeza anazungukazunguka na hadithi za watu wa mbali ili nisione haya. Basi naongea.

Gia hazipo. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana.

Ilikuwa siku ya mvua, kwenye ule mteremko wa mawe chini ya shule. Cheni ilikuwa imejaa tope tangu asubuhi, inaruka, inagonga. Nikabadilisha gia kwa nguvu. Ule mkono wa chuma wa nyuma ukapiga jiwe, ukapinda, ukaingia kwenye spoki. Kraa! Spoki sita. Mimi huku, mfuko kule, barua ya mkuu wa shule kwenye dimbwi. Nilisukuma kilomita kumi na moja. Nililia kilomita nne, saba zilizobaki nilikuwa natunga uongo wa kukuambia.

Fundi wa njia panda alisema gia mpya zinaagizwa mbali, na barua haziwezi kusubiri. Akakata cheni, akaacha jino moja, yaani kisahani kimoja cha meno, nyuma na kimoja mbele, akavuta gurudumu nyuma hadi cheni ikakaza. "Haya, Mama Posta, hii hata ukiizika na kuifukua itatembea." Nikamwambia mume wangu akirudi atatuzika sisi.

Wiki ya kwanza niliichukia. Kwenye tambarare miguu inazunguka kama ya kuku aliyefukuzwa na uendako hufiki. Kwenye kilima nilishuka mara nne. Nimefua mno, na hakuna aliyeniona.

Halafu sijui nini kilitokea. Asubuhi moja nilitoka mapema, nikasikia kimya. Cheni haigongi kitu. Nasikia barua zikisuguana mfukoni. Zamani nikikiona kilima nilikuwa naanza kuhesabu: hii gia, hapana, ile, hapana, rudi. Sasa hakuna cha kuchagua. Kilima kinasema "simama", nasimama juu ya pedeli. Kinasema "shuka", nashuka, na hakuna aibu, kwa sababu hata baiskeli yenyewe inajua. Mlinzi wa zahanati ananicheka kwamba nimenunua baiskeli ya gia tatu. Ya kwanza kukaa, ya pili kusimama, ya tatu kusukuma.

Sikutaka uipende. Nilitaka unisamehe. Zile gia nimeziosha kwa mafuta ya taa, kila kipande, nikaziviringisha kwenye kitambaa cha shuka lako la zamani, ziko kwenye bati chini ya kitanda. Hakuna aliyezigusa. Mkono wa chuma umepinda lakini haujavunjika. Ukirudi utazifunga mwenyewe zote. Mikono yako inajua.

Mkeo mkosaji,
Tarishi


20 Aprili

Mke wangu,

Barua yako nimeipata. Redio hajaniambia kitu. Sikujua lolote.

Sina hasira. Chuma ni chuma.

Hilo bati lisahau. Usilitunze.

Msimamizi amepita tena na karatasi. Nadhani nitasaini. Miaka miwili si mingi, na huku nimeshazoea. Wewe una kazi yako na baiskeli unaiweza kuliko mimi.

Jihadhari na mteremko wa shule.

Fundi


9 Mei

Fundi,

Hata "mumeo" umeifuta. Nimeona ulipoikwangua.

Wiki nzima nimekuwa nikipeleka barua za watu huku nimebeba yako ndani ya blauzi kama kaa la moto. Miaka miwili! Kwa sababu ya vyuma? Mtu niliyeolewa naye aliwahi kuvunjiwa redio, kikombe cha mama yake na jino la mbele, yote na mimi, na akacheka mara zote tatu. Nikasema basi, kumbe baiskeli ni kitu kingine. Nikaenda dukani nikaagiza gia nyingine, seti nzima. Nikajiapiza zitakuwa zimefungwa kabla ya Agosti, nione utatafuta sababu gani nyingine.

Jana usiku sikuwa na la kufanya nikatoa barua zako zote. Za mwaka juzi, za mwaka jana hadi Oktoba, na hizi tatu. Nikazipanga mezani kama ninavyopanga za wilaya.

Wewe unasahau mke wako anafanya kazi gani.

Hizi tatu wino umechafuka kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Ni ubavu wa kiganja, unapita juu ya neno ambalo halijakauka. Mtu anayeandika kwa mkono wa kulia hawezi kuchafua hivyo hata akijaribu. Kilimani hapa yuko mmoja tu mwenye bahasha za namna hiyo, fundi cherehani wa jirani na shule, na yeye ni wa kushoto tangu utotoni.

Wewe si wa kushoto.

Halafu nikasoma tena zote. Umetolewa kwenye mashine. Spana anaosha wewe unapanguza. Kidole gumba. Baiskeli ambayo mkono wa kulia hauna kazi yoyote.

Mkono wako wa kulia uko wapi?

Usinijibu kwa maneno. Kwa maneno wewe ni mwongo. Nionyeshe.

Mimi


27 Mei

Mke wangu,

Karatasi ya pili iliyomo humu ndani, ikunjue mwisho. Nimeweka mkono juu yake, Spana akaupitishia kalamu pembezoni. Alitaka kuchora na kucha, nikamwambia asinipambe.

Kama umeshaikunjua, na najua umeshaikunjua, basi umeona. Gumba hakuna. Cha shahada kimebaki kipande. Vitatu vingine ni vizima na vinakusalimu.

Ilikuwa Novemba. Saruji iliganda kwenye kalibu ya mashine. Kuna fimbo ya kukwangulia, lakini ukiwa na haraka unatumia mkono, wote tunafanya hivyo. Mwenzangu alikuwa upande wa pili hakuniona, akabonyeza. Alilia kuliko mimi. Hadi leo ananiletea chai, nami nainywa ili apone.

Sikuandika kwa sababu sikuweza kuandika. Nilijifunza kwa mkono wa kushoto miezi miwili, jina lako kwanza, kama mtoto. Halafu nilipoweza, nikakuta kwamba siwezi kwa namna nyingine.

Acha nikuambie yote maana uongo umenichosha kuliko kufagia. Mimi naitwa Fundi. Sina jina jingine ambalo watu wa kilimani wanalijua. Fundi asiye na gumba ni nini? Nimejaribu kushika spana. Inaanguka. Siku moja niliiokota mara kumi na nne, na mwenzangu wa chini alijifanya amelala. Usiku huo hakukoroma.

Niliwaza siku ya kurudi. Nashuka kwenye basi, wapo wote pale kituoni, Redio yuko mbele, wanasema haya Fundi, panda tuone. Mimi napanda, kilima kinaanza, natakiwa kubadilisha gia kwa kidole ambacho sina. Nasimama. Natia mguu chini mbele ya watu. Nikasema, kama angezitoa gia yeye mwenyewe kabla sijafika, ningepanda na mtu asingejua, angalau siku hiyo ya kwanza. Ndipo nikakuletea hadithi ya Spana. Hadithi ni ya kweli, nia ndiyo ilikuwa ya kificho. Nilikuwa nakutega uharibu baiskeli yangu. Na wewe umeshaiharibu tangu Oktoba! Ningepaswa kucheka. Lakini ukaandika "mikono yako inajua". Nikasoma hapo, nikaweka barua chini, nikaona kwamba mtu unayemsubiri ni yule wa mikono miwili, na huyo hayupo tena wa kurudi.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mkono huu ndio uliokufundisha baiskeli. Nilikuwa nimeshika tandiko nyuma yako, unapiga kelele nisiachie, nami nikaachia bila kukuambia, ukaenda peke yako hadi kwenye ua wa jirani. Ndio huo uliomo kwenye karatasi. Nimeusitiri nisikuonyeshe, sasa umeonyeshwa.

Karatasi ya msimamizi iko chini ya godoro. Sijasaini. Nakungoja wewe useme.

Mumeo, na safari hii sikwangui,
Fundi


14 Juni

Mume wangu,

Barua yako niliifungulia juu ya meza ya kupangia, mbele ya mkuu wa posta, sikungoja kufika nje. Akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Hapana, mume wangu amenitumia mkono." Akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akaniruhusu nitoke mapema. Hajawahi kufanya hivyo tangu awe mkuu.

Nimeuweka wangu juu yake. Kwenye vile vitatu vinalingana kama zamani, vyako vinazidi kidogo. Kule kwenye gumba kuna nafasi, na kidole changu kimeingia hapo kikakaa. Nimekaa hivyo muda mrefu, chai ikapoa.

Halafu nikacheka, Fundi. Nisamehe, nilicheka hadi Redio akaja kuchungulia dirishani. Wewe unatunga mitego nizitoe gia. Mimi nimezificha chini ya kitanda nakuapia ziko salama. Tumekuwa kama watu wawili wa mlango mmoja, mmoja nje mmoja ndani, kila mmoja anangoja mwenzake afungue, na mlango wenyewe haujafungwa.

Sasa unisikilize maana naongea kama tarishi, na tarishi akifika huwezi kumwambia hukupata.

Zile gia nilizoagiza nimezirudisha dukani kabla hazijafunguliwa. Badala yake nimechukua gurudumu la nyuma, lile la breki ya mguu, kama la vijana wa Spana waliokuwa wanaunguza grisi. Nimelifunga mwenyewe. Fundi wa njia panda alisimama kando akinipa maelekezo, na spana nilishika mimi. Ilianguka mara tisa. Yako ilianguka kumi na nne, kwa hiyo bado hatujafungana. Breki ya mbele nimeihamishia kushoto. Upande wa kulia wa hendeli hakuna kitu, isipokuwa kishikio. Nacho nimekikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, nikakizungushia kufuata mchoro wako, kinene pale pasipo na gumba ili vile vitatu vipate pa kukaba. Mlinzi wa zahanati amekijaribu, akasema hakimkai mkononi. Nikamwambia hakikukatiwa wewe.

Kuhusu ufundi. Watu watatu wiki hii wameniuliza kwa nini baiskeli yangu haiharibiki kama zao. Mvua imewashinda, gia zao zimekufa. Wanataka kama yangu. Mimi sijui jino gani linafaa kilima kipi, wala urefu wa cheni, wala namna ya kusikiliza kitovu kikiwa kikavu. Wewe unajua. Hayo hayakuwa kwenye gumba. Tutakaa mlangoni, wewe unasema, mimi nakaza. Ukisema vibaya nitakujibu, ukijibu nitakutupia soksi.

Na usiogope kituo cha basi. Nitakuja na baiskeli. Redio nimeshamwambia habari za mkono, asubuhi, ili hadi jioni kilima kizima kiwe kimejua na kimechoka kuongea. Kwa mara ya kwanza amekuwa na faida. Ukifika, hakuna atakayeshangaa, ila watoto wadogo, na hao watakuuliza kama mkono uliuma.

Siku ile uliachia tandiko bila kuniambia. Mimi nitashika upande wa kulia, na sitaachia mpaka wewe useme achia.

Ile karatasi iache chini ya godoro. Godoro libaki na karatasi, wewe njoo.

Mkeo,
Tarishi


22 Agosti

Mke wangu,

Msimamizi nimemrudishia karatasi yake ikiwa nyeupe. Alisema, "Utajuta." Nikamwambia nimeshajuta mwaka mzima, sasa napumzika.

Nafika tarehe tatu Septemba, basi la mchana. Mzigo ni begi moja na kifurushi. Kifurushi ni cha Spana. Ni jino moja la nyuma, la meno ishirini, amelichonga kingo mwenyewe kwenye karakana. Anasema kwa kilima kama nilivyomsimulia, lile uliloliweka litanipasua kifua, hili litanipasua nusu tu. Amelitia ndani ya soksi. Ni ile ile niliyokuwa namtupia. Imefuliwa. Hatukuagana sana. Alisema nani sasa atamwamsha akikoroma, nikamwambia ajitupie soksi ya pili.

Yule mwenzangu wa mashine nimemwonyesha barua yako, pale penye kishikio. Ameacha kuniletea chai. Jana nilimletea mimi.

Nimekipanga kilima. Gia ya kwanza hadi kwenye daraja dogo, nimekaa kama bwana harusi. Ya pili hadi njia panda, nimesimama, nahema, wewe unakimbia kando. Kuanzia hapo sina ujanja. Nitashuka, tutaingiza ya tatu, nawe ushike kulia kama ulivyosema. Watakaocheka wacheke, nasi tutakuwa tunacheka.

Na kuhusu kufua, usihangaike kuangalia nani ametia mguu chini. Nimetia mimi, tangu Novemba. Nimekuwa nikifua kwa mkono mmoja na nusu miezi yote hii, na kola zangu ndizo nyeupe kuliko zote humu chumbani. Weka nguo za wiki kwenye beseni, uniachie.

Mumeo,
Fundi